Sentimita Hamsini na Mbili

Mweka hazina wa halmashauri alikuwa amezoea kupunjwa. Si kwamba alipenda, la. Ila miaka kumi na tisa ya kupokea hati za madai za mafundi ilikuwa imemfundisha kwamba fundi akipaka ukuta mmoja ataandika miwili, akileta mifuko mia ya saruji ataandika mia na ishirini, na ukimbana ataapa kwa mbingu na ardhi. Kwa hiyo siku alipoletewa hati ya fundi rangi wa uwanja mpya, akakuta imeandikwa pungufu, alishtuka kuliko siku zote. Alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akasoma tena. Namba za viti zilizopakwa: elfu nane. Mkataba ulisema elfu kumi, na fundi alikuwa analipwa kwa namba.

"Niitieni huyu Brashi," akasema. "Mtu anayejipunja mwenyewe ama anaumwa, ama kuna jambo amefanya."

Kulikuwa na jambo.

Brashi ndilo jina alilojulikana nalo mji mzima; hata mama yake mzazi alikuwa ameshalizoea. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye rangi chini ya kucha isiyotoka kwa sabuni wala kwa dua. Nusu ya maduka ya mji yaliandikwa kwa mkono wake: vinyozi, duka la dawa, fundi viatu, na "Leo Hakuna Mkopo" zisizo na idadi. Kazini alikuwa na msimamo mmoja ambao hakuwahi kuubadilisha, nao ni kwamba ukuta ndio unaoamua herufi. Mteja akija na karatasi inayosema herufi ziwe za ukubwa fulani, Brashi huipokea kwa heshima zote, huikunja, huitia mfukoni, kisha huutazama ukuta na kufanya anavyoona yeye. Na mteja hushukuru. Tabia hiyohiyo ndiyo iliyomwingiza matatani, maana safari hii ukuta wenyewe ulikuwa umejengwa kwa mkopo wa benki.

Uwanja ulijengwa kwa ajili ya mashindano makubwa ya kanda. Halmashauri haikuwa na fedha, ikaenda benki. Benki ikauliza, mtalipaje? Wakaitwa wataalamu, wakakaa hotelini miezi miwili wakinywa chai kwa gharama ya umma, wakatoka na kitabu kinene. Kitabu kilisema viti elfu kumi vitajaa mara ishirini kwa mwaka. Wageni watalala, watakula, watapanda teksi, watanunua kofia. Na baada ya miaka kumi na mitano deni litakuwa limekwisha na mji umeneemeka. Viti vya plastiki vilipoonekana ghali, ikakatwa shauri watu wakae kwenye ngazi za zege. Ngazi mia moja, kila moja mita arobaini na mbili. Fundi achore mistari, apake namba, kila mtu apate sentimita arobaini na mbili zake.

Brashi hakukijua hicho kitabu. Yeye alipewa kikaratasi chenye arobaini na mbili tu. Aliketi kwenye zege kujaribu, na kwa mifupa yake ile alienea vizuri. Halafu akamkumbuka mkewe.

Mkewe alikuwa mshona mapazia. Alishonea sebuleni, cherehani ikiwa imetazama dirisha, na wateja walimfuata hapohapo. Alikuwa mnene, unene wa kurithi, wa mama yake na wa bibi yake, na mcheshi kiasi kwamba mteja aliyekuja kuchukua pazia moja aliondoka baada ya saa mbili. Lakini kwa miaka tisa alikuwa hajaenda mahali popote penye viti vya watu wengi. Kisa ni mahafali ya binti yao. Ukumbini kulikuwa na viti vya plastiki vyenye mikono. Akajibana, akakaa. Jina la binti lilipoitwa akasimama kushangilia, na kiti nacho kikasimama pamoja naye. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Hata yeye alicheka, akakivua, akatoka, na mahafali yaliyobaki akayatazama kupitia dirishani. Tangu hapo harusini alituma zawadi, mikutanoni alituma salamu, na akiulizwa alisema ana kazi nyingi. Brashi alijua si kazi. Jambo hilo lilimuuma sana, na hakuwa na la kufanya, kwa sababu mwenyewe hakutaka lizungumzwe.

Siku aliyopewa kikaratasi alirudi nyumbani, akamkuta amekaa kwenye benchi la uani anatoa pini katika pazia. Brashi akachukua chaki. Akainama nyuma yake, akatia alama upande huu, akazunguka akatia upande ule.

"Unafanya nini huko nyuma?" mke akauliza.

"Naangalia mchwa."

"Mchwa wanaangaliwa kwa chaki?"

"Hawa wamezidi."

Alipoinuka kwenda kumpokea mteja, Brashi akapima. Hamsini. Akaongeza mbili za kuvutia pumzi. Kesho yake akakata ufito wa sentimita hamsini na mbili, na kwa ufito huo akauchora uwanja mzima, ngazi ya kwanza hadi ya mia, kwa wiki tano, akipiga mluzi. Injinia wa uwanja, aliyempa kikaratasi, alikuwa juu ya paa akigombana na watu wa mabati, hakushuka kuangalia mistari. Kila ngazi ilitoa viti themanini, na mwishoni kikabaki kipande cha sentimita arobaini ambacho Brashi alikihesabu kuwa ni cha kuwekea kikapu. Alijua kabisa kwamba kwa kila ngazi anapoteza malipo ya namba ishirini. Alipiga moyo konde. Alikuwa amekwisha jiona siku ya ufunguzi, amekaa na mkewe mahali penye watu, wanatazama kitu kimoja. Hilo tu ndilo alilolitaka. Miaka tisa alikuwa akienda harusini peke yake kama mtu aliyefiwa.

Basi akaitikia wito. Ofisini kwa mweka hazina mlikuwa na feni iliyozunguka kwa kulalamika, na mafaili yaliyopangwa sakafuni hadi usawa wa kiuno. Injinia, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, alikuwa ameshafika na amekunja mikono.

"Fundi," mweka hazina akaanza, "viti elfu mbili viko wapi?"

"Havipo, mheshimiwa."

"Najua havipo! Nauliza vimekwenda wapi."

"Vimeingia ndani ya vingine."

Injinia akaangalia dirishani ili asicheke. "Mzee wangu, karatasi niliyokupa ilisema arobaini na mbili."

"Ilisema. Nikaona imekosea."

"Karatasi ndiyo imekosea?"

"Arobaini na mbili ni mtu wa kuchorwa, binti yangu. Mtu wa kukaa ana zaidi."

Mweka hazina akakivuta kile kitabu kinene, akakibwaga mezani hadi kalamu zikaruka. "Unakiona hiki? Benki imetukopesha kwa sababu ya hiki. Kila kiti humu kinalipa deni. Ukiondoa viti elfu mbili, umeondoa tofali moja katika kila matofali matano, halafu unatuambia tulale ndani. Mkaguzi wa benki anakuja baada ya siku tisa. Fungu la mwisho la mkopo, la taa na vyoo, lipo mkononi mwake. Asipokuta elfu kumi, hakuna taa, hakuna vyoo, na mashindano yanahamishiwa mji mwingine. Sasa umenielewa?"

Brashi alielewa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba namba zake zinabeba mji. Yeye alidhani anagawa mahali pa kukaa.

"Na hii hamsini na mbili uliitoa wapi?" Injinia akauliza.

"Nilipima mtu wa kawaida."

"Mtu gani? Wewe hapo mngeingia wawili na chenji ikabaki."

Alijaribu kutafuta uongo mwingine, hakuupata. Akasema yote: mkewe, mahafali, dirisha, miaka tisa. Alisema huku anatazama viatu vyake. Alipomaliza hakuna aliyecheka.

"Fundi," mweka hazina akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "hata mimi nina mke. Lakini benki haijaoa. Nenda ukafute, upake upya kwa arobaini na mbili. Rangi utapewa, na vibarua wa kukusaidia watafuata. Kazi ya kurudia hailipwi."

Nyumbani Brashi hakuficha kitu. Mkewe aliusikiliza mwanzo huku anashona, kisha cherehani ikasimama.

"Ulinipima."

"Nilikupima."

"Kwa chaki. Kama kitambaa. Halafu ukaenda kunitangaza halmashauri."

"Waliniuliza, mke wangu."

"Ukashindwa kudanganya siku moja, mwanamume mzima?"

"Nilianza kudanganya. Wembamba wangu ukanisaliti."

Kidogo acheke, lakini hasira ilikuwa mbele. Kwa siku mbili Brashi alipata chakula, maneno hakupata. Alikwenda uwanjani asubuhi na ndoo ya rangi ya kijivu, akafuta alichokichora kwa furaha, akachora upya vile vijinafasi vya arobaini na mbili. Mluzi haukutoka. Siku ya tatu alikuwa ngazi ya kumi na moja, amepiga magoti, aliposikia hatua za mtu anayepanda polepole na kupumzika kila baada ya ngazi chache. Akageuka. Alikuwa mkewe, amevaa gauni la buluu la kutokea, na utepe wa kupimia bado uko shingoni kwa sababu alisahau kuuvua.

"Ziko wapi hizo zangu?" akauliza, bila hata kumsalimu.

Brashi akaonyesha juu, ngazi ya kumi na mbili. Mke akapanda, akageuka, akakaa kati ya mistari. Alienea barabara, huku pumzi, huku pumzi. Akaweka mikono mapajani akautazama uwanja mzima ulivyolala chini yake, na majani yake mapya, na watu wadogowadogo wakibeba nguzo za goli. Alikaa hivyo kwa muda.

"Pazuri," mke akasema hatimaye. Kisha akashuka ngazi mbili, akakaa kwenye mistari mipya iliyokwisha kukauka. Mstari wa kushoto ukapotea chini ya gauni, wa kulia ukapotea, na namba ya jirani ikapotea nusu. Akainuka. "Mwite huyo mweka hazina wako."

"Mama wee, yule ni mkubwa."

"Ndiyo maana nataka akae."

Mweka hazina hakuwa mbali. Alikuwa chini na Injinia wakikagua mahali pa vyoo visivyokuwapo. Akapanda akihema, koti na tai, akamwona mama amesimama na utepe shingoni, na akajua mara moja ni nani.

"Karibu, mama," akasema kwa adabu, na kidogo kwa woga.

"Asante, baba. Wewe ndiye mwenye kitabu?"

"Ni mimi."

"Na kwenye kitabu watu wanakaa arobaini na mbili?"

"Ndivyo kilivyoandikwa."

"Hebu kaa hapo."

Akakaa. Mweka hazina alikuwa mtu wa mezani, wa miaka kumi na tisa ya mezani, na miaka hiyo ilikuwa imekwenda mahali. Mistari yote miwili ilipotea. "Ni hili koti," akasema. Akalivua. Mistari haikurudi.

Mama akataka watu kumi wowote. Wakaitwa waliokuwa karibu: mpishi wa mafundi, karani, dereva wa halmashauri, walinzi wawili, waashi watatu, na Injinia mwenyewe, pamoja na mweka hazina ambaye alikuwa bado hajainuka. Wakaambiwa wajipange kuanzia namba moja hadi kumi. Wakajibana, wakavuta pumzi ndani, mpishi akamwambia karani aache viwiko vyake nyumbani. Mtu wa nane alipokaa, nafasi kumi zilikuwa zimekwisha. Dereva na mlinzi mmoja wakabaki wamesimama wanatazamana.

"Hawa wawili," mama akauliza, "wamenunua tiketi?"

"Kwenye kitabu wamenunua," mweka hazina akajibu.

"Basi watadai pesa zao, na kesho hawarudi. Mimi nakata mapazia, baba. Pazia likikatwa fupi halirefuki kwa kuvutwa. Mteja akinitajia upana wa dirisha lake kwa kichwa, nakwenda kulipima mwenyewe. Hao walioandika kitabu walimpima nani?"

Mweka hazina akamtazama Injinia, na Injinia akajikuna shingo. "Mimi niliambiwa zipatikane elfu kumi," akasema. "Nikachukua urefu wa ngazi, nikagawanya. Ikaja arobaini na mbili. Sikupima mtu."

Mweka hazina alikuwa bado ameketi, koti mapajani, kati ya mpishi na mwashi. Alianza kusema kama mtu anayezungumza na uwanja. "Uwanja wa zamani, mechi iliyojaa kuliko zote, waliingia watu elfu sita na mia nne. Nilikuwa mlangoni mimi mwenyewe, nilizihesabu tiketi kwa mkono. Halafu nikaweka sahihi kwenye elfu kumi, mara ishirini kwa mwaka." Akacheka, mwanzo kwa uchungu, kisha kwa kweli, mpaka walioketi naye kwenye ngazi wakatikisika wote, maana walikuwa wamebanana. "Jamani, tunataka kulipa deni kwa makalio ambayo hayajazaliwa!"

Siku zile sita zilizobaki hakuna aliyepumzika. Mweka hazina alijifungia na karatasi safi na kuanza upya na viti elfu nane, vikijaa nusu, tena mara nane kwa mwaka. Pengo lililoonekana lilikuwa kubwa, akaanza kuliziba kipande kwa kipande: vyumba chini ya ngazi vikodishwe kuwa maduka mwaka mzima, shule zilipe kidogo kutumia uwanja siku za wiki, soko la mitumba lihamie eneo la maegesho siku zisizo na mechi. Kisha akafika kwenye jukwaa la wageni rasmi, ambalo lilipangiwa makochi sitini ya ngozi, kila moja kwa bei ya ngazi nzima. Akayafuta kwa rula. Waheshimiwa walinuna wiki nzima, na mmoja aliuliza kama sasa atakaa chini kama watu. Akaambiwa atapewa sentimita hamsini na mbili kama watu.

Brashi naye aliirudisha mistari ya ngazi kumi na moja ilivyokuwa mwanzo. Hakulipwa, na safari hii mluzi wake ulisikika mpaka barabarani.

Mkaguzi wa benki alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye utepe wake mwenyewe mfukoni. Alihesabu ngazi, alihesabu namba, akapima nafasi tatu alizozichagua bila mpango. Brashi alisimama nyuma na wasiwasi, maana kama mkaguzi angesema elfu kumi ni elfu kumi, basi mistari ya mkewe ingefutwa, na safari hii asingepata nguvu za kuirudisha tena. Mweka hazina akaweka karatasi mbili mbele ya mkaguzi, ya kitabu na yake mpya, akaeleza zote mbili bila kupamba. Mkaguzi akakaa kati ya mistari, akainuka, akakaa tena.

"Nimekagua viwanja vingi," akasema. "Sijawahi kuletewa upungufu kabla sijaugundua mwenyewe." Akafungua kalamu. Miaka kumi na mitano ya kulipa deni ikawa kumi na minane, na fedha za taa na vyoo zikatoka wiki ileile.

Siku ya ufunguzi, saa nane mchana, Brashi alikuwa amevaa shati jeupe na amemaliza kung'arisha viatu, mkewe akiwa bado amekaa kwenye cherehani.

"Nina kazi nyingi," mke akasema bila kugeuka.

Brashi akakaa kitini. "Sawa," akasema.

Cherehani ikaenda kidogo, ikasimama. "Husemi kitu?"

"Niliyokuwa nayo niliyamaliza ofisini kwa watu."

Mke akacheka, cheko lake lile la kuchelewesha wateja. Akainuka, akaingia kubadilisha nguo.

Walikaa ngazi ya thelathini na saba, namba sitini na moja na sitini na mbili. Uwanja haukujaa. Walikuja watu elfu tano na kitu, na mweka hazina alionekana akizunguka mlango hadi mlango ameridhika, kwa sababu hesabu yake ilikuwa imesema elfu nne. Chini, maduka mapya mawili yalikuwa yamefunguliwa, na soda zilikuwa zimekwisha kabla ya mpira kuanza. Mke wa Brashi aliuliza maswali mia, nani ni nani, kwa nini yule amepewa kadi, na katikati ya maswali akaushika mkono wa mumewe akausahau hapohapo.

Kipindi cha kwanza kilikuwa katikati alipofika mama mmoja, mwenye mwili kama wake, tiketi mkononi. Akaitazama namba sitini na tatu. Akawatazama watu waliokaa. Akabaki amesimama pembeni, anazungusha macho kana kwamba kuna mtu anamtafuta. Brashi hakuelewa kinachomchelewesha. Mkewe alielewa upesi, kwa kuwa na yeye alikwisha simama hivyo mara nyingi. Akapigapiga zege kwa kiganja.

"Kaa, mwenzangu, usiogope," akasema. "Hapa walinipima mimi."